Amri ya Kurudisha

Nilisema kwa kinywa changu, mbele ya paroko, kwamba kitabu hakina kosa. Hakuna aliyenilazimisha. Paroko aliuliza swali dogo la kiofisi, nami nikajibu kama mtu anayeulizwa kama anamfahamu mama yake mzazi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Paroko wetu ni kijana. Angeweza kuwa kitinda mimba wangu, na ana unyenyekevu wa kuniamkia kwanza ndipo anisalimie kikristo. Aliniita ofisini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karani wa parokia kwa miaka mingi kabla sijawa katekista, na kabla sijastaafu vyote viwili nikabaki nyumbani Igogo kati ya mawe, nikitunza mashina matatu ya migomba ambayo, tangu niyatoe Kagera, hayajakubali kwamba yamehamia Mwanza.

"Shikamoo, mzee. Tumsifu Yesu Kristo."

"Marahaba, Padre. Milele, amina," nikajibu kwa kufupisha, kama tunavyofanya wote siku hizi.

Kwenye benchi walikaa jirani yangu na mke wake. Jirani ni fundi wa redio, friji na chochote chenye waya, Msukuma mtaratibu mwenye mikono mikubwa ambayo huwezi kuamini inashika skrubu ndogo kama punje ya mtama. Mkewe mimi humwita shemeji. Wameishi pamoja tangu ujana wao, wamezaa, wamepata wajukuu, lakini ndoa hawakuibariki. Mwanzoni ng'ombe wa mahari hawakutimia. Walipotimia, wazee wa upande mmoja walikuwa na msiba. Baada ya msiba Fundi alisema mwaka ujao, na mwaka ujao ukawa unakuja kila mwaka. Kanisani kwetu hali hiyo huitwa uchumba sugu, na anayeishi ndani yake hapokei komunyo. Kwa hiyo kila Jumapili, watu walipoinuka kwenda mbele, shemeji alibaki kwenye benchi na kusogeza magoti pembeni ili wengine wapite. Nimepita mbele ya magoti hayo mara nyingi sana. Sikuwahi kujiuliza yanachoka kiasi gani.

Sasa madaktari walikuwa wamemwona na uvimbe tumboni, na wamempangia siku ya kupasuliwa, wiki tatu mbele. Alipotoka hospitali alimwambia mumewe maneno machache tu: hataingia chumba cha upasuaji kabla hajapokea komunyo. Na ili apokee, lazima ndoa ibarikiwe. Na ili ndoa ibarikiwe, paroko alihitaji vyeti viwili vya ubatizo. Cha shemeji kilikuwepo, kimeletwa kutoka parokia ya kwao alikobatizwa. Cha Fundi hakikuwepo, kwa kuwa jina lake halikuonekana katika kitabu cha ubatizo.

"Nimepekua mara mbili, mzee," paroko akasema. "Anasema alibatizwa hapa hapa akiwa mchanga. Inawezekana jina lilirukwa wakati mnachapa kitabu upya?"

Hapo ndipo niliposema. Nilieleza, kwa sauti ya utulivu ambayo nilijifunza seminarini kabla sijafukuzwa kwa udhaifu wa Kilatini, kwamba kitabu cha zamani kililoweshwa na mvua iliyoezua paa la ofisi, lakini kwa neema ya Mungu nilikuwa nimeshaingiza ubatizo wote kwenye kompyuta, mmoja mmoja, kwa vidole viwili. Kitabu kipya kilichapwa na mashine kutoka kwenye kumbukumbu hizo. Mashine hairuki mstari. "Kama hayumo, Padre," nikasema, "hayumo."

Fundi akanigeukia. "Karani, unasema mama yangu alidanganya?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kitabu hakidanganyi."

"Sasa kati ya mama yangu na kitabu chako, mmoja ndiye mwongo."

Paroko akaingilia kati kwa upole. Alisema hakuna shida, Kanisa ni mama. Kama kungekuwa na shahidi angetosha, lakini wazazi na msimamizi wa Fundi wote wameshatangulia. Basi angeweza kumbatiza kwa sharti, yaani padre anatanguliza maneno "kama hujabatizwa", kisha anamimina maji. Dakika tano, na ndoa ingebarikiwa Jumamosi.

"Hapana," Fundi akasema.

"Maji tu!" mkewe akaruka. "Unaoga kila siku, haya ndiyo yakushinde?"

"Mama alinibeba mgongoni kutoka kijijini, huko kupita Nyegezi, mpaka hapa, kwa miguu, mvua inanyesha. Alinisimulia mpaka anakufa. Nikikubali hiyo 'kama', nimekubali kwamba alitembea bure."

"Na mimi nikifa kwenye kile kitanda?"

Fundi aliangalia mikono yake. Mimi nami nikaangalia picha ya Baba Mtakatifu ukutani, nikiwa na amani kubwa ya mtu ambaye kosa si lake.

Tukiwa tunatoka nje, Fundi akasema, "Ile kompyuta yako bado ipo stoo. Niliiona nilipokuja kutengeneza spika. Ngoja niiwashe. Tuiulize yenyewe."

Nilikubali upesi. Nakiri kwamba sikukubali ili kumsaidia. Nilikubali kwa sababu nilitaka mashine imwambie mbele ya mkewe kile ambacho mimi, kama mkristo mpole, nisingependa kukirudia.

Tuliipeleka kwenye kibaraza chake kwa toroli. Vijana wa mtaani walidhani ni jiko. Kwa kweli ilikuwa na uzito wa jiko, na rangi yake iliyokuwa nyeupe siku inafika parokiani kama zawadi ya wafadhili ilikuwa imegeuka kama meno ya mvuta sigara. Fundi aliifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kwa wingu kutoka majini na kufia kwenye taa, wamejaa kwenye feni kiasi cha kikombe kizima, wakavu, wepesi kama majani ya chai.

"Karani," akasema, "hawa nao umewabatiza?"

"Safisha, acha maneno."

Alifanya kazi siku tatu. Alibadilisha vitu viwili vilivyovimba kwenye sehemu ya umeme, akachomelea waya, akapuliza, akanyamaza, akapuliza tena. Siku ya nne, asubuhi, kioo kikawaka. Halafu mashine ikaandika kwamba haina diski.

Fundi akaniangalia. Nikacheka, kwa sababu hapo nilikuwa kwenye uwanja wangu. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na betri hiyo ikifa kompyuta za aina ile husahau kila kitu, hata tarehe, hata kwamba zina diski tumboni. Lakini zamani nilikuwa mtu mwangalifu. Kwa upande wa ndani wa kifuniko nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya risasi namba zote ambazo mashine inapaswa kukumbushwa. Nilizisoma, nikaziandika moja moja, nikabonyeza kitufe. Diski ikaguna kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, ikaanza kuzunguka.

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Mimi ni mtu wa rozari na kitabu cha sala. Simu yangu hunishinda, wajukuu huniwekea wenyewe mambo yake. Lakini ile ilikuwa mashine ya wakati wangu. Haikuwa na picha za kugusa. Ilikuwa kioo cheusi na maneno meupe, nayo hufanya kile tu ulichoiandikia ifanye. Ukiandika amri kadhaa kwenye faili, moja chini ya nyingine, ukalipa faili hilo jina lisilozidi herufi nane na kulimalizia kwa herufi tatu, BAT, basi kila utakapoliita jina hilo mashine itatekeleza amri zako kwa mfuatano, mstari kwa mstari, bila kuuliza sababu. Hakuna mtu parokiani aliyewahi kunitii namna ile.

Kioo kikajifuta chenyewe. Kisha yakatokea maneno katikati:

TUMSIFU YESU KRISTO

Mashine ikanyamaza, ikisubiri.

"Inataka nini?" Fundi akauliza.

"Salamu." Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilipokuwa karani nilikuwa nimechukizwa na vijana wa kwaya waliokuwa wakiingia ofisini na kukimbilia kompyuta bila hata kusalimu. Nikaipangia iwasalimu wao. Asiyejibu, hafanyi kazi. Nilijivunia sana jambo hilo. Niliona nimeinjilisha chombo.

Nikaandika: milele amina.

Mashine ikaandika: JIBU SALAMU YOTE.

Fundi akapiga mapaja yake kwa kicheko. "Imekukataa! Yenyewe inakukataa wewe!"

Nikaandika jibu lote. Ikaandika tena: JIBU SALAMU YOTE. Nilijaribu na alama ya mkato, nikajaribu bila alama ya mkato. Nilianza kutoka jasho. Ilikuwa vile nilivyoipanga, lakini nilikuwa sikumbuki tena nilivyokuwa mimi.

Shemeji alikuwa ameketi mlangoni akichambua dagaa kwenye ungo, taratibu, mkono mmoja ukiwa tumboni. Bila kuinua kichwa akasema, "Si ulikuwa unatugombeza kwamba mambo ya Mungu huandikwa kwa herufi kubwa? Ulinirudishia fomu ya mtoto mara tatu."

Nikaandika kwa herufi kubwa: MILELE NA MILELE AMINA. Neno la kwanza ndilo lilikuwa jina la faili la salamu. Maneno matatu yaliyofuata faili liliyapima moja moja kama mlinzi wa geti. Mlango ukafunguka. Ikatokea orodha ya kazi za ofisi, na chini yake salamu yangu mwenyewe kwa mtumiaji: KARIBU, FANYA KAZI KWA UAMINIFU.

Nikaita faili la kutafuta. Nikaandika jina la Fundi, jina la baba yake, nikabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka na kuzimika, diski ikakwaruza kwa muda mrefu. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu na bisibisi mkononi.

HAKUNA.

Ndilo neno nililokuwa nikilitaka tangu Jumatatu. Lilipofika, halikuwa na ladha niliyoitegemea. Fundi aliweka bisibisi juu ya meza, polepole, akaipanga sambamba na zile nyingine.

"Basi," akasema. "Mwambie Padre aje na maji yake."

"Asante," mkewe akasema kwa sauti ndogo. Lakini hakuonekana kushukuru. Alikuwa anamwangalia mumewe kama mtu anayeona nguzo ya nyumba imeinama.

Sikutaka kuzima mashine mara moja. Nadhani ilikuwa ubinafsi tu. Nilitaka kukaa nayo kidogo. Nikaiamuru inionyeshe kilichomo kwenye diski. Zikapanda folda zangu za zamani, na mbili kati yake zilikuwa na majina niliyoyachagua kwa sababu yote yalitosha kabisa kwenye zile herufi nane. Ya kwanza MBINGUNI. Ya pili TOHARANI.

Nikaondoa vidole kwenye vitufe.

Nieleze, maana nilikumbuka kwa mpigo mmoja, na sina namna ya kulisema likawa zuri. Kila ubatizo niliuandika kama faili dogo lenye namba ya kitabuni, na yote niliyaweka kwenye folda ya MBINGUNI. Mwaka mmoja jumuiya zilileta orodha za wanaoishi uchumba sugu. Orodha zililetwa ili watembelewe na kusaidiwa. Mimi niliona haifai majina yao yakae pamoja na majina ya wengine. Hakuna padre aliyenituma, na paroko wa wakati ule angeshangaa. Nikaandika faili la amri nikaliita TENGA. Ukilipa namba, linachukua faili la mtu huyo kutoka MBINGUNI na kulihamishia TOHARANI. Ilikuwa kazi safi. Mistari kumi na mmoja. Jehanamu sikuifungua, ingawa nayo ina herufi nane. Hata kiburi changu kilikuwa na mpaka.

Halafu mvua ikaezua paa. Nilipochapa kitabu kipya, niliiambia mashine ichape kila faili lililoko MBINGUNI. Ikachapa. Haikuruka hata mstari mmoja.

"Karani," Fundi akasema, "mbona umekuwa hivyo? Sukari imeshuka?"

Nikafungua TOHARANI. Zilikuwa namba nyingi. Nikaiambia mashine itafute jina lake humo. Hata haikukwaruza. Ilimtoa papo hapo, kama aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote: jina lake, jina la baba, jina la mama, kijiji, jina la msimamizi, siku ya kubatizwa.

Fundi anasoma polepole, akifuata kwa kidole. Alifika kwenye jina la mama yake, kidole kikakaa hapo juu ya kioo. Kiliacha alama ya mafuta ambayo mpaka leo sijaifuta.

"Nimo," akasema. Kisha akasoma mstari wa juu kabisa. "Hii 'Toharani' ni nini?"

Ningeweza kusema ni jina la kiufundi. Nawaambia ukweli, neno hilo lilikuja mdomoni. Nimefundisha amri kumi za Mungu kwa watoto wa vizazi viwili, na ya nane, usiseme uongo, nimeifundisha vizuri kuliko zote. Nikaomba msaada wa Mungu, kisha nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa.

Kuku alipita katikati yetu akitembea kama anakagua.

"Kwa hiyo," Fundi akasema, "miaka yote hii mimi niko toharani."

"Ndiyo."

"Na Krismasi unakuja kula pilau kwangu."

"Ndiyo, Fundi."

"Na juzi umekaa pale kwa Padre, umekunja miguu, unasema 'kama hayumo, hayumo.' Nyie Wahaya! Nyie mnaweza kumfungia mtu nje halafu mkamuuliza mbona hujaingia." Alitaka kucheka lakini sauti ilikatika njiani. Aligeuka, akaanza kufuta miwani yake kwa shati.

Nilisema nisamehe, lakini nilisema nikitazama vidole vya miguu yangu.

Shemeji ndiye aliyeinuka. Aliweka ungo chini, akaja kwa hatua fupi fupi hadi mezani, akainama kuangalia kioo ambacho hakukielewa. "Hiyo ya kutenga nimeisikia," akasema. "Ya kurudisha iko wapi?"

Ilikuwepo. Nililiona jina lake kwenye orodha, RUDISHA, nikafurahi kama mwizi aliyepata shahidi. Kumbe nilikuwa nimekusudia mema tangu mwanzo! Kila aliyebariki ndoa yake alikuwa arudishwe. Nikalifungua ili niwaonyeshe. Lilikuwa na mstari mmoja tu, ulioanza na neno REM. Neno hilo huwekwa mbele ya maelezo ambayo mtu anajiandikia mwenyewe, ili mashine ikiufikia mstari huo iupite bila kufanya kitu. Baada ya REM niliandika: NITAANDIKA BAADAYE.

"Imeandikwaje?" akauliza.

Nikamsomea.

"Mwaka ujao," akasema shemeji, akimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi. "Nyie wawili ni ndugu kabisa."

Fundi akacheka safari hii, cheko lote, mpaka akashika meza. Nami nikacheka, na machozi yakinitoka, nikamshukuru Mungu kwamba katika nyumba ile alikuwepo mtu mmoja mwenye akili.

"Andika sasa," akaniambia. "Mimi sina baadaye nyingi."

Nikaandika. Kitufe cha herufi R kikanifia hapo hapo, ikabidi Fundi akikandamize kwa bisibisi kila nilipomwita. Nilikuwa nimesahau nusu ya sarufi ya mashine ile. Mara mbili ilinirudishia maneno ya kukataa, nikarekebisha, nikajaribu tena, na katika kule kujaribu nikaonja utamu wa zamani, ule wa kukosa na kuambiwa papo hapo kwamba umekosa. Amri ya kutenga ilinichukua mistari kumi na mmoja, na mingi ilikuwa ya kuhakikisha kwamba mtu hatengwi kwa makosa ya namba, kwa maana nilikuwa mtu wa haki. Ya kurudisha ilikuwa mistari mitatu. Wa kwanza ulizuia mashine isijisemee ovyo. Wa pili ulihamisha faili kutoka toharani kwenda mbinguni. Wa tatu ulisema: KARIBU NYUMBANI.

Nikaandika RUDISHA, nikaweka namba ya Fundi. Nikamwambia abonyeze mwenyewe.

"Mimi nisije nikaharibu."

"Umeitengeneza. Bonyeza."

Akabonyeza kwa kidole kile kikubwa, kwa tahadhari, kama anagusa jicho la mtoto.

KARIBU NYUMBANI.

Kisha nikaandika RUDISHA mara ya pili, na mahali pa namba nikaweka nyota. Kwa mashine zile nyota ina maana ya wote. Faili la kutenga nililikataza lisipokee nyota, nikiogopa kutenga parokia nzima kwa bahati mbaya. Hili la kurudisha sikulikataza. Namba za waliotengwa zikaanza kupanda kwenye kioo, mstari mmoja mmoja, na KARIBU NYUMBANI ikaandikwa chini yake mara moja tu kwa wote. Wengine niliwazika mimi mwenyewe, nikiongoza sala makaburini. Wengine wanaishi Nyakato na hawajui kwamba waliwahi kutoka.

Kwa kuwa printa ya zamani haikuwepo tena, nilinakili kwa mkono kila kilichoandikwa kwenye faili la Fundi, na alasiri hiyo hiyo nikapeleka kwa paroko. Alikuja mwenyewe kibarazani kutazama kwa macho yake. Alisalimiwa na mashine, akajibu salamu yote kwa herufi kubwa, akapita mara ya kwanza. Nilimweleza kila kitu. Aliuma midomo kwa muda, kwa heshima ya umri wangu, kisha akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mzee," akasema, "Jehanamu umesema haikuwepo?"

"Haikuwepo, Padre."

"Tumshukuru Mungu kwa hilo."

Kesho yake nilikwenda kitubio. Nilijitayarisha kwa malipizi makubwa. Niliona ni haki hata kuhiji Kagera kwa miguu. Akanipa Baba Yetu moja. Nilirudi nyumbani nimeudhika. Nimewahi kuwapa watoto wa mafundisho sala ndefu kuliko hiyo kwa kutafuna karanga kanisani. Basi nikajiongezea mwenyewe: nakwenda nyumba kwa nyumba kwa wale waliokuwa kwenye orodha, au kwa watoto wao, kuwaambia nilichofanya. Mmoja alinifukuza. Mmoja alinipa soda. Wengi hawaelewi ninachosema, inabidi nirudie kosa langu mara mbili tatu mpaka liwaingie, na nadhani malipizi yenyewe yako hapo.

Ndoa ilibarikiwa Jumamosi, misa ya asubuhi, siku tisa kabla ya upasuaji. Fundi alivaa koti alilolinunua kwa ajili ya mwaka ujao mmojawapo wa zamani; halikufungika tena. Shemeji alivaa kitenge kipya na hakusema mengi. Walitakiwa wakae viti vya mbele, lakini yeye alikataa. Alisema atakaa kwenye benchi lake, lile la siku zote, na kama Mungu alimwona hapo miaka yote basi amwone hapo hapo.

Nilikaa pale mwisho wa benchi, karibu na njia. Zamu yetu ya komunyo ilipofika, shemeji aliinuka. Ilimchukua muda, mkono mmoja tumboni, mwingine ukishika mgongo wa benchi la mbele. Fundi alimfuata nyuma bila kumgusa, lakini mikono yake ikiwa tayari. Nafasi ilikuwa ndogo. Nikayasogeza magoti yangu pembeni, yakalia kwa uzee, akapita.

Fundi alipofika usawa wangu akaona bado nimekaa. Akainama sikioni.

"Karani," akanong'ona, "unabaki toharani?"

Nikainuka nikawafuata.